Uzi wa Bibi Regina

Mlandege, Iringa
3 Machi 2025

Kwa Mama Matroni Yusta,
Kituo cha Nuru, Mbeya.

Tumsifu Yesu Kristu, mama. U hali gani huko, na wazee wako, na hao watoto? Sisi huku wazima, ila mvua imetukalia kichwani wiki nzima, na goti langu la kushoto ndilo linalotangulia kujua kila inapotaka kunyesha. Tunamshukuru Mungu kwa yote.

Hatujuani kwa sura. Mimi ni Verediana, mama yake Goodness, yule binti wa chuo aliyefika kwenu juzi kujitolea. Nakuomba umpokee kama wako. Tangu baba yake atutoke tumekaa nyumba ya watu wawili, mimi na yeye, kwa hiyo hajawahi kumwogesha mzee wala kumlisha mtoto asiye wa ndugu. Anaogopa kukosea na hasemi. Ukimwona anacheka sana, ujue hapo ndipo anapoogopa. Nimemwambia mzee hafanyiwi haraka, na mtoto hadanganywi. Mengine mtamfundisha ninyi.

Nina neno lingine. Kazi yangu ni kufuma sweta za shule, nina mashine ya mkono hapa barazani. Nikawaza, Juni ya Mbeya naijua, nilipita huko nikiwa msichana na baridi ile sijaisahau. Kuna ndugu yangu amejitolea kutoa nyuzi, gunia zima. Basi nataka kuwafumia wazee na watoto wote wa kituo, kila mtu yake. Nimemwagiza Goodness anitumie vipimo.

Usishangae atakavyopima. Mimi niliishia darasa la saba, namba za futi zinanichanganya mpaka leo. Nafuma kwa uzi, alivyonifundisha marehemu mama yangu. Mtu anakatiwa uzi wa urefu wake, kutoka utosini mpaka kisiginoni. Fundo moja begani, fundo moja kiunoni, kisha karatasi yenye jina lake. Nikiushika uzi namwona mtu amesimama mbele yangu. Asiyeweza kusimama apimwe amelala, si neno.

Nisalimie wote, mama. Ukipata nafasi uniandikie japo mistari miwili kwamba mtoto amefika salama na anaelekea.

Wako katika Kristu,
Verediana, Mama Goodness


Kituo cha Nuru, Mbeya
14 Machi 2025

Shikamoo mama,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Mimi mzima. Usinipigie katikati ya wiki maana hutanipata. Wanaojitolea wote tunaacha simu ofisini Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa sababu mwaka jana mtu mmoja alimpiga picha mzee akiwa hajavaa shati na akairusha mtandaoni. Ndiyo maana naandika barua kama watu wa zamani.

Mama, sikujua kazi ilivyo. Siku ya kwanza nilimlisha mzee uji wa moto, akautema kwenye sketi yangu, akaniambia, "Sasa na wewe umejua ni wa moto." Wote walicheka, na mimi nikacheka, halafu nikaenda chooni kulia kidogo. Siku ya pili ilikuwa nafuu.

Kituo kina wazee kumi na mmoja na watoto wanane, na wana utaratibu wao mzuri. Kila mtoto ana mzee wake, wanakula sahani moja. Mtoto hagusi tonge mpaka mzee wake ametangulia. Kuna katoto ka miaka sita kanaitwa Yunisi, mzee wake ni Bibi Regina. Wamefanana tabia mpaka unacheka, wote wawili wananuna kwa kugeukia ukutani.

Vipimo nimemaliza, nyuzi zote kumi na tisa ziko kwenye hiki kifurushi. Ila sikuelewa kitu. Mzee Masunga, Msukuma aliyekuwa na ng'ombe kule Usangu, alinihoji kama polisi.

"Umetumwa na nani?"

"Na mama yangu, babu."

"Mama yako ananijua?"

"Hapana."

"Sasa urefu wangu anautaka wa nini?"

"Anakufumia sweta, babu."

"Bure?"

"Bure. Nyuzi katoa mjomba Aroni, yuko Chunya, anachimba dhahabu."

Nilidhani atafurahi. Akageuka kuwatazama wenzake kwenye benchi. Halafu akasema, "Nyie Wahehe mna hasira za karibu lakini si wajinga. Nenda kamalize kazi yako." Alisimama nikampima, lakini alikuwa anautazama mkasi, hanitazami mimi.

Bibi Regina alikuwa na homa siku hiyo, amelala ubavu. Nilimhurumia kumwamsha, nikampima hivyo hivyo polepole, hata hakujua. Yunisi alikuwa amekaa mlangoni ananiangalia.

Tangu juzi Bibi Regina anafunika kikombe chake kwa kiganja nikipita. Labda homa bado. Niombee mama.

Mwanao,
Goodness


Kituo cha Nuru, Mbeya
22 Machi 2025

Kwa Mama Goodness,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema. Ya kwako niliipata, na samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa naangalia kwanza.

Naandika kwa karatasi, na natuma kwa mkono wa kondakta ninayemfahamu, kwa sababu neno la simu hapa linafika jikoni kabla halijafika linakokwenda.

Nitakuuliza wazi, mtu mzima kwa mtu mzima. Kwa nini nyuzi? Mafundi wote ninaowajua wanapima kifua na mkono kwa futi, wanaandika namba, wanaondoka. Wewe umetaka urefu wa mtu mzima mzima, umekatwa, umefungwa jina. Huku mtu anayepimwa amelala ni yule anayesubiri seremala. Na binti yako kampima Bibi Regina akiwa usingizini, bila idhini yake. Mtoto Yunisi ndiye aliyemwambia bibi alipoamka.

Bibi Regina ametokea Chunya vijijini. Anasema kwao, mchimbaji aliyekosa mali hutafuta urefu wa mtu, uzi au kamba, akaufukia shimoni. Shimo likishuka na mwenye urefu naye anashuka. Mimi ni Mmoravian, mambo hayo siyakubali. Lakini nimeishi na wazee miaka kumi na minne. Watatu kati ya hawa kumi na mmoja wako hapa kwa sababu majirani zao waliwatuhumu kwa maneno ya namna hiyo hiyo na kuwachomea nyumba. Mtu wa hivyo siwezi kumwambia hofu yake ni ushamba.

Sasa binti mwenyewe kasema nyuzi za kufumia zimetoka kwa mjomba wa Chunya, mchimbaji. Wewe kwenye barua umesema "ndugu yangu" tu. Hukusema wa wapi wala anafanya nini. Niliirudia barua yako mara tatu kutafuta.

Goodness nimemtoa kwa wazee na watoto. Yuko jikoni anamenya viazi. Kituo hiki wazee wana baraza lao, na aliyewakosea wao ndio wanaomsamehe au kumfukuza, mimi natekeleza. Watakaa Jumamosi tarehe 12 Aprili. Wakimkataa, fomu yake ya chuo itarudi haina sahihi, na nitalazimika kuandika sababu. Sijui sababu hiyo nitaiandikaje isimfuate maisha yake yote.

Rudisha nyuzi zote kumi na tisa. Na unijibu kuhusu huyo ndugu.

Yusta
Matroni


Mlandege, Iringa
27 Machi 2025

Dada Yusta,

Tumsifu Yesu Kristu. Naomba nikuite dada, maana barua yako imenifanya nikae chini. Habari za afya ya Bibi Regina? Homa imeshuka?

Nimelia, siwezi kukuficha. Mimi nipo kwenye jumuiya ya Mtakatifu Monika, mwenyekiti kwa mwaka wa tatu huu. Kwaresima nzima tunafunga na kusali, leo naambiwa natafuta urefu wa wazee. Nimefumia nusu ya watoto wa Mlandege kwa uzi na hakuna aliyepungua. Wengine wamerefuka mpaka mama zao wananilalamikia.

Lakini naelewa. Kumpima mtu usingizini ni kosa, nitamwambia Goodness. Na mimi nilikosa kwa kutokuuliza kwanza desturi za watu.

Huyo ndugu ni mdogo wangu Aroni. Ana shughuli zake ndogondogo Chunya, huku na huku. Alikuja kunisalimia mwezi huu akalala hapa siku mbili, akaondoka. Hana habari na wazee wenu.

Nyuzi zote ziko kwenye bahasha ya kaki, kumi na tisa, kila mmoja na jina lake. Zilikuwa zimening'inia ukutani kwangu chini ya picha ya Bikira Maria, hazijaenda popote. Waonyeshe wazee kwa macho yao, wazihesabu.

Mrudishe mtoto kwa wazee wake, dada. Tafadhali. Nijibu upesi.

Verediana


Mlandege, Iringa
27 Machi 2025

Aroni,

Nimepiga simu siku tatu hupatikani. Nampa barua hii dereva wa lori la tumbaku, kaapa ataifikisha mpaka mkononi mwako.

Sina salamu ndefu. Ulipokuja kuleta salio la gunia, nyuzi za wazee wa Mbeya zilikuwa ukutani kwangu kumi na tisa. Uliuliza ni za nini nikakueleza, ukasema, "Kumbe mtu mzima anaingia kwenye uzi," ukacheka. Juzi nimezihesabu ziko kumi na nane. Wa Bibi Regina haupo.

Nimepekua nyumba. Nimetoa mashine nje nikafagia chini yake. Nimemshuku mpaka paka.

Na nimefanya jambo baya kwa ajili yako. Nimekata uzi mwingine, nimeupiga mafundo mawili, nimeandika jina la bibi kwa kuiga mwandiko wa Goodness, nikauweka na wenzake. Sikuweza kumwandikia yule matroni kwamba mmoja umepotea na mara ya mwisho alikuwa ndani mtu wa Chunya.

Kama uliuchukua, uulete. Kama hukuuchukua, sema hukuuchukua. Ukinyamaza nitaelewa vibaya.

Dada yako,
Verediana


Kituo cha Nuru, Mbeya
2 Aprili 2025

Mama Goodness,

Bwana asifiwe. Hali ya huku si nzuri na nitaeleza kwa kifupi.

Niliwaita wazee wote uani baada ya chai, na watoto wao pembeni. Nikatoa nyuzi mmoja mmoja na kusoma jina. Mzee Masunga akashauri kila mtu apimwe upya na uzi wake, ushike utosini ushuke kisiginoni, tuone kama haukukatwa kipande. Wazo zuri, nikakubali. Zilikuwa sawasawa, mmoja baada ya mwingine. Watu walianza kutaniana. Mzee Masunga aliuvaa wake shingoni akasema, "Ng'ombe wangu walikuwa na kamba nzuri kuliko hii."

Ikafika zamu ya Bibi Regina.

Mama Goodness, Bibi Regina ana kibiongo. Amepinda miaka mingi, akisimama anatazama vidole vyake vya miguu. Urefu wake wa kweli nauona kwa macho yangu, haufiki kifuani kwangu. Huu ulioutuma ulimfika kisiginoni na kubaki chini shubiri moja na nusu. Uzi wa mwanamke aliyenyooka. Umekatwa na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Bibi Regina aliukunja, akanirudishia, akasema, "Huyu siye mimi. Mimi wamebaki nami huko."

Tangu hapo hali chakula. Jana nilimwita mganga wa zahanati, akasema mwili hauna neno, ni kula tu. Na Yunisi, kama mtoto anayeishika sheria yetu, hagusi sahani mpaka bibi atangulie. Nimempa sahani ya peke yake akaigeukia mgongo. Jana jioni alikunywa maziwa kwa kudanganywa. Leo amekataa na maziwa.

Nilikuwa nimeanza kukuamini. Naandika hili ujue. Nilikuwa nimeshamwambia Goodness ajiandae kurudi kwa watoto Ijumaa.

Ulijuaje kwamba ulipaswa kukata mwingine? Wa kwanza uko wapi? Nani anao?

Yusta


Kituo cha Nuru, Mbeya
3 Aprili 2025

Shikamoo mama,

Ule wa kwenye karatasi ya uzi si mwandiko wangu. Umeandika "Regina" ukaiga ile R yangu yenye mkia. Mama Matroni alinionyesha mbele ya watu wa jikoni akaniuliza kama ni yangu. Nilikuona akilini umekaa pale mezani unaiga, nikashindwa kusema ndiyo na nikashindwa kusema hapana. Sasa wanasema tulipanga wote wawili.

Uliniambia nisimdanganye mtoto. Yunisi hajatia kitu mdomoni tangu juzi, mama. Anakuja dirishani pa jikoni anasimama, haongei. Nikimpa kiazi anakiweka chini.

Nilipomtaja mjomba nilikuwa najivuna. Sikujua kuna la kuficha. Kwa nini hukuniambia kuna la kuficha?

Sirudi nyumbani kabla ya tarehe 12, hata ukinitumia nauli. Nikiondoka sasa nitakuwa nimekimbia.

Goodness


Mlandege, Iringa
9 Aprili 2025

Dada Yusta,

Tumsifu Yesu Kristu. Naogopa kuuliza hali ya Bibi Regina na mtoto Yunisi, lakini nauliza. Namwomba Mungu barua hii iwakute wanapumua.

Goodness hakuandika lile jina. Niliandika mimi, na uzi nilikata mimi. Uwaambie wazee kwanza hilo kabla hujasoma mengine.

Nilipozihesabu kukurudishia nilikuta mmoja haupo. Nilijua mara moja nani alikuwa amelala chumba kile. Ningekuambia siku ile ile, leo Bibi angekuwa anakula. Lakini nilijiambia mdogo wangu ataonekana mwizi, mtoto ataonekana mshirika, mimi nitaonekana nini sijui. Nikachukua mkasi. Rozari ilikuwa shingoni wakati nakata. Nimeungama kwa padri, na sasa naungama kwako, na kwako ndiyo ngumu.

Barua yako ilipofika nilifunga mashine nikaenda Chunya mwenyewe. Nilifika nimekuwa mwekundu kwa vumbi kama tofali. Aroni nilimkuta kwenye kibanda chao, yeye na wenzake wanakunywa chai. Ujue huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni. Mama yetu alipokufa hakuja kuzika, alikuwa chini ya shimo huko huko, na nyuzi zile za sweta aliniambia ni sadaka kwa ajili ya mama. Niliziamini. Hata sasa sehemu yangu moja inaziamini.

Nikamwambia, "Nipe uzi wa bibi."

Akacheka. "Dada, umesafiri kutwa nzima kwa ajili ya uzi?"

"Nipe."

Akaingia ndani, akakawia. Akatoka nao. Akasema aliuchukua kufungia kifurushi cha chumvi, kamba nyingine haikuwepo. Nikamuuliza mbona karatasi ya jina haipo. Akasema ilidondoka. Nikamuuliza mbona una udongo. Akasema, "Chunya nzima ina udongo, hata wewe unao."

Ni kweli ninao. Kila alichojibu kilikuwa kinaweza kuwa kweli, dada, na hicho ndicho kilichonichosha.

Basi nikatoa uzi kwenye mkoba, ninao wakati wote, nikamwambia, "Simama nikupime. Utosini mpaka kisiginoni. Wazee wa Mbeya wamekaa na hofu kwa sababu yako, nawe uwaachie wako wakae nao. Ni uzi tu, si umesema?"

Alirudi nyuma. Mdogo wangu, mtu mzima mwenye ndevu, alirudi nyuma mpaka akagonga sufuria. Akasema, "Mimi sipimwi." Wenzake waliacha kunywa chai wakaangalia chini. Sikuuliza zaidi. Nilibeba uzi wa Bibi nikatembea mpaka barabarani, naye hakunisindikiza.

Sijui alikusudia nini, na kama alikusudia sijui alifika wapi. Mimi naamini Mungu ndiye anayeshika uhai wa Bibi Regina na si mtu mwenye sururu. Lakini waambie wazee hawakuwa wajinga. Mtu aliyekuwa na uzi wao anaogopa uzi wake.

Nimeuweka ndani ya barua hii kama nilivyopewa, na udongo wake, sikuuosha wala kuunyoosha. Bibi atajua mwenyewe. Na kuna wa pili, ule mweupe. Huo ni mimi. Jirani yangu alinipima nikiwa nimesimama, macho wazi. Nimeuandika jina langu kwa mwandiko wangu mbaya. Sikuambatanisha wa Goodness, huo aamue yeye mwenyewe, ni mtu mzima.

Adhabu niandikie mimi. Mtoto kosa lake ni kumhurumia mgonjwa asimwamshe.

Verediana


Kituo cha Nuru, Mbeya
13 Aprili 2025
Jumapili ya Matawi

Dada Verediana,

Bwana asifiwe. U hali gani na goti lako baada ya safari ile? Sisi tupo. Bibi na Yunisi waliishi siku zote hizo kwa maziwa na maji ya sukari tuliyowabembeleza, kijiko kwa kijiko.

Barua yako ilifika juzi. Nilimpelekea Bibi Regina uzi kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuniruhusu mimi nimpime. Alimwita Yunisi. Mtoto alipanda kigoda, akashika ncha utosini kwa bibi, bibi mwenyewe akafuata kwa mkono mpaka chini. Ulikoma kisiginoni. Alikung'uta ule udongo mlangoni, akaufagilia nje kwa mguu, akaomba maji ya kunawa. Halafu akaomba uji. Yunisi alisubiri kijiko cha tatu, sijui kwa nini cha tatu, ndipo na yeye akaanza. Alimaliza sahani akalala palepale.

Jana baraza lilikaa. Niliwasomea barua yako yote, pamoja na habari ya mkasi. Nilipofika mahali pa ndugu yako kurudi nyuma, Mzee Masunga akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Miaka yote tunaambiwa tunaota. Leo mtu ametoka huko na kusema aliona." Wengine wakafuta macho. Nilidhani watakuwa wakali zaidi, maana umewathibitishia. Sikuwaelewa kabisa, na ni wazee wangu.

Goodness aliitwa. Hakucheka safari hii. Wakamuuliza kama alijua. Akasema hakujua, lakini kupimwa usingizini asingependa afanyiwe yeye, na kwamba hilo alikuwa analijua hata siku ile. Bibi Regina akamwambia, "Basi kesho utaniogesha, na utaniuliza kabla ya kila kiungo." Leo asubuhi nimemsikia kupitia mlangoni. "Bibi, naomba mkono." "Chukua." "Bibi, naomba mguu." "Huo umechelewa kuuomba, umeshaulowesha." Ilichukua saa nzima na tulichelewa ibada.

Fomu nitaisaini siku zake zitakapotimia, si kabla. Bado namwangalia.

Gunia la nyuzi za ndugu yako baraza limekataa. Ufanye nalo unavyoona, lakini hapa sweta yake haitavaliwa. Wanasema kama bado unataka kuwafumia, tafuta nyuzi za kwako, hata ziwe za mtu mmoja kwa mwaka, na uje upime mwenyewe, mchana, watu wote wakiona.

Kuhusu uzi wako mweupe. Niliwauliza kama nikurudishie. Bibi Regina aliushika, akaulinganisha na mlango, akasema, "Kumbe ni mrefu huyu mama." Akaukunja akauweka chini ya godoro lake. Nilimwambia bibi, wa mwenzio huo, na amejitoa kwa moyo safi. Akasema huenda ni kweli, lakini moyo hauonekani kwenye barua, atakuachia ukiingia mlangoni na yeye akakutazama.

Sina namna ya kumnyang'anya, na sitaki kukudanganya kwamba nilijaribu sana.

Tafadhali nijibu mapema unakuja lini.

Yusta